Mtu Niliyempikia Miezi Kumi na Moja

Watu wanane wa mashine ya kuchimba visima hula ugali ambao nyumbani kwangu ungetutosha siku mbili. Hilo ndilo jambo la kwanza nililofundishwa na Mama Syombua, aliyekuwa mpishi wa kambi kabla yangu. La pili ni kwamba usipike kwa idadi uliyopewa. Ongeza ya watu wawili, kwa sababu dereva wa lori la maji atapita, na mwenye shamba atakuja kuangalia kisima chake kimefika wapi, na wote wawili watatokea saa saba mchana, sahani zikipangwa.

Kazi hiyo niliifanya miaka ishirini na miwili, Kitui na Makueni, nikihama na mashine kila ilipohama. Nimepikia kuni mbichi huko Ikutha mpaka macho yakavimba. Siku moja nilitia chumvi mara mbili kwenye ndengu za watu wanane, na kwa kuwa hakukuwa na kitu kingine cha kula, walizila na kunywa maji yote ya kisima kipya. Vijana wa kanisa letu, mliponiomba niwaandikie juu ya kazi yangu, nilidhani mnataka habari za namna hiyo. Lakini nikiwaangalia, naona wengi wenu mnaenda kwenye machimbo ya mawe, kwenye mijengo, na kwenye hizi mashine za visima. Wengine mtaacha wake na watoto nyumbani. Kwa hiyo mapishi yatakuwa machache. Nitawaeleza juu ya Musembi.

Musembi Kilonzo alikuwa mtu wa Mbumbuni, na umri wake ulikuwa miaka thelathini na kitu. Alikuwa helpa, yaani yeye na mwenzake ndio walioshika vyuma chini huku drila akiongoza mashine. Hakuwa msemaji sana. Maharagwe yalimsumbua tumbo, na siku za muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, nilimtolea sehemu yake kabla sijachanganya maharagwe. Nilifanya hivyo miezi kumi na moja, katika kambi nne. Mkumbuke hilo la tumbo, kwa sababu lilikuja kuulizwa na mtu wa serikali.

Siku aliyokufa tulikuwa kwenye shamba moja nje ya Mutomo. Maji yalikuwa yamepatikana na walikuwa wanateremsha mabomba ya chuma yanayozuia kuta za kisima zisiporomoke. Kila bomba huinuliwa kwa waya mnene, watu wawili hulishika chini lisiyumbe, kisha hukalishwa juu ya lile lililotangulia. Ule waya ulikuwa umeanza kukatika nyuzi. Hata mimi mpishi nilijua, kwa sababu wiki hiyo Musembi alikuja jikoni akitokwa damu kidoleni, amechomwa na uzi uliojitokeza, nikampa kitambaa afunge. Alimwambia Nzioka, drila wetu na msimamizi wetu. Nzioka akampigia bosi simu. Bosi akasema waya mpya utakuja na gari la Jumatatu. Simu hiyo ilipigwa Alhamisi, na bomba lilianguka Jumapili, siku moja kabla ya gari.

Nilikuwa nasonga ugali kompresa, ile injini ya kusukuma hewa, ilipozimwa. Ukikaa na kompresa miaka mingi huisikii tena ikinguruma. Unasikia ikinyamaza. Nilitoka na mwiko mkononi. Bomba lilikuwa chini, na Musembi amelala ubavu kando yake, kofia ya kazi bado iko kichwani. Lilikuwa limempiga kifua. Walimpakia kwenye pikapu, Nzioka akakaa nyuma amemshika, wakaondoka. Hawakufika hospitalini naye akiwa hai.

Bosi alifika jioni hiyo hiyo kutoka Nairobi. Aliagiza mashine ifunguliwe, na asubuhi ikapakiwa kwenda Kambu kwa kazi nyingine. Waya ule sikuuona tena. Wakati huo niliona kawaida, mashine ikimaliza huhama. Siku hizi najua kwamba mtu akifa kazini, mahali pale na chombo kile huachwa vilivyo mpaka mkaguzi wa serikali avione, na mwajiri anatakiwa kutoa taarifa kwa ofisi ya usalama kazini ndani ya siku moja. Mkiona mashine inakimbizwa, pigeni picha. Simu mnazo, na picha za chakula mnapiga kila siku.

Huko Kambu, kabla hata sijaweka mafiga, bosi alituita mmoja mmoja kwenye gari lake. Alikuwa na karatasi iliyopigwa chapa. Ilisema kwamba marehemu alikuwa kijana wa kijiji aliyekuja kuomba maji, akakaribia mashine bila ruhusa. Nzioka alikuwa ametia sahihi ya kwanza kabisa.

“Mama Kioko,” bosi akaniambia, kwa sauti ya mtu anayekuombea mema, “hii ni ya bima tu. Haimuumizi mtu. Bila hii kampuni inafungwa, na nyinyi wote mnaenda nyumbani.”

Kioko wangu alikuwa mwaka wa mwisho chuoni. Nikatia sahihi. Niliandika jina langu lote, Beatrice Nduku, kwa mwandiko mzuri, kisha nikarudi kuchambua mboga.

Siku ya nne Mwikali, mke wa Musembi, alikuja Kambu kuchukua vitu vyake. Alikuja na baba mkwe wake, Mzee Kilonzo, mzee wa kanisa, mtu mrefu aliyevaa koti kwenye jua lile. Nzioka alipowaona alikumbuka ghafla kwamba kuna bomba la kuangalia upande wa pili. Nikabaki mimi. Niliwapa viti, nikawaletea chai, nikatoa vitu: blanketi, sanduku la bati, viatu vya kanisani, na kikombe alichokwaruza jina lake kwa msumari.

Mwikali alivipanga chini kimoja kimoja. Kisha akaniangalia.

“Mwaitu,” akasema, jinsi sisi Wakamba tunavyomwita mama tunayemheshimu, “pale polisi wamenisomea kwamba mume wangu alikuwa mtu wa kijiji, amekuja kuomba maji.”

Nilimwongezea chai.

“Mtu akienda kuomba maji hubeba blanketi?”

“Mwikali,” mzee akamkatiza, “hayo tumeyamaliza. Bosi amekuja nyumbani mwenyewe. Ameomba pamoja nasi. Analeta jeneza na gari, na ng'ombe wa matanga, na kitu kidogo cha watoto. Nimeshaweka sahihi kwamba hatutadai tena. Hatutaki kesi na mtu aliyetuheshimu.”

“Baba, mimi sijasema kesi. Nimeuliza blanketi.”

Alisubiri kidogo aone kama nitasema. Nilimwambia pole. Alifunga vitu ndani ya lile blanketi, akajitwika, wakaenda barabarani kutafuta gari.

Nilikwenda kwenye mazishi Mbumbuni. Mambo mawili ya pale yanafaa kuwafundisha. La kwanza: wazee walitaka kuzika mapema zaidi, bila daktari kumpasua marehemu, lakini polisi walikataa, na uchunguzi ukafanywa. Ile ripoti ilikuja kuandika kifua kilivyovunjika kwa kupigwa na kitu kizito. Mkizika bila hiyo, baadaye mtu atasema marehemu alikuwa na ugonjwa wa moyo, na hamna cha kumwonyesha. La pili: palikuwa na bwana mwenye mkoba, hakuna aliyemjua, aliyemfuata Mwikali mpaka jikoni akitaka atie sahihi amfuatilie fidia, na theluthi moja iwe yake. Wanawake wa kanisa walimpa sahani ya wali na kumwonyesha njia. Wakili ana kazi yake, nami nitaifikia. Yule hakuwa wakili. Alikuwa mtu mwenye mkoba.

Baada ya mazishi nilipika wiki mbili. Sikuota ndoto mbaya wala sikulia, msije mkafikiri hivyo. Ila kila siku ya muthokoi nilikuta nimetoa sehemu moja kabla ya kuchanganya maharagwe, na hakuna aliyeihitaji. Mara ya tatu nilimpigia Mwikali, nikamwambia anikute Kitui mjini Jumanne, aje na simu ya marehemu na kila karatasi aliyonayo. Bosi nilimwambia naenda kumwona daktari wa magoti.

Tulikaa kwenye benchi la ofisi ya usalama kazini na mama mmoja ambaye mume wake alikuwa akipakia mbuzi kwenye lori la tajiri wake, lori la mtu mwingine likaja likampiga. Tajiri alimwambia adai mwenye lori. Mwenye lori alimwambia adai tajiri. Alikuwa amezunguka hivyo karibu mwaka. Tulimsikia afisa akimwambia pale mlangoni, polepole kama anayefundisha mtoto kuhesabu: “Mama, njia zote mbili ni zako. Kwa tajiri unapita hapa kwetu, kwa sababu alikufa akiwa kazini. Mwenye lori unamshtaki mahakamani, na hapo tafuta wakili. Ila mahakama itaangalia ulicholipwa huku, usilipwe mara mbili kwa kitu kimoja. Na hii ya huku ina muda: mwaka mmoja tangu alipofariki. Umebakiza wiki tano.” Yule mama alikaa chini palepale sakafuni, akaanza kuhesabu wiki kwa vidole.

Zamu yetu ilipofika, afisa alikuwa msichana wa umri wa kifungua mimba wangu. Sitamtaja jina. Alikuwa na mafua na alipenga kamasi kila baada ya swali. Nilimweleza kwanza habari za ule waya na mashine ilivyohamishwa, Mwikali akisikia.

“Marehemu alikuwa kibarua ama ameandikwa?”

“Kibarua,” Mwikali akasema. “Hakuwa na barua yoyote. Bosi anasema kibarua hana kitu.”

“Kibarua pia ni mfanyakazi. Endelea.”

“Wanasema alikuwa mzembe. Kwamba alisimama pabaya.”

“Mtu akifa, hilo haliondoi fidia. Hatulipi kwa sababu bosi alikosea, wala hatuachi kulipa kwa sababu marehemu alikosea. Tunauliza kama alikuwa mfanyakazi, na kama ajali ilitokana na kazi. Basi.”

“Baba mkwe wangu alitia sahihi kwamba hatutadai.”

Afisa akapenga kamasi. “Karatasi ya namna hiyo haina nguvu. Haki hii mtu hawezi kuiuza kwa ng'ombe.”

Mwikali akauliza lile swali ambalo nadhani lilikuwa limemkaa tangu mwanzo. “Na nikitaka kumshtaki? Akae mbele ya jaji, aulizwe juu ya ule waya?”

“Mwajiri wako hutamshtaki mahakamani kudai fidia ya ajali hii. Sheria imeifunga hiyo njia ikafungua hii. Ukikataa uamuzi utakaotolewa, unaandika pingamizi ndani ya siku sitini, na jibu lisipokuridhisha ndipo unakwenda mahakama ya kazi. Mambo ya waya na kuhamisha mashine ni kosa lingine, na hilo tutalifuata sisi. Lakini fidia ni ya nyinyi mliobaki: wewe, watoto, na wazazi wake kama aliwasaidia. Mshahara wa miezi tisini na sita, na gharama ya mazishi.” Akaangalia ile karatasi ya polisi. “Shida yenu ni moja. Hapa imeandikwa hakuwa mfanyakazi, na mashahidi wanane wametia sahihi.”

“Mmoja ni mimi,” nikasema.

Aliweka kalamu chini. Mwikali hakugeuka kuniangalia. Nafikiri alijua tangu siku ile ya Kambu.

“Umetia sahihi uongo, mama?”

“Ndiyo, madam.”

“Kwa nini nikuamini leo?”

“Niulize kitu.”

Basi akaniuliza. Nilimweleza kambi nne, kwa mpangilio, na tulichokuwa tunapika katika kila moja. Nilimwambia nani alilala hema lipi. Nilimwambia habari ya maharagwe. Alimgeukia Mwikali kwa ghafla: “Mume wako alikuwa anakula nini kikimsumbua?” Mwikali akasema maharagwe, na hata njegere. Afisa aliandika hayo yote. Kisha akaomba simu ya marehemu, akasoma ujumbe wa malipo ya kila Jumamosi. Yote yalitoka kwa simu ya Nzioka, si ya kampuni.

“Hii inasaidia,” akasema, “lakini atasema ni deni la marafiki. Hakuna mahali jina lake limeandikwa na kampuni yenyewe? Orodha, kitambulisho, chochote?”

Hapo ndipo ujuzi wa kazi unapofaa, vijana, hata kazi ambayo si yako. Kila jioni Nzioka alikuwa anajaza fomu mezani kwangu, kwa sababu meza ya jikoni ndiyo pekee isiyoyumba. Aliandika mita walizochimba, mwamba waliokuta, na watu waliokuwa kwenye zamu. Mara nyingi aliniuliza majina yanaandikwaje. Kisima kikiisha, nakala ya fomu hizo huachiwa mwenye kisima. Za bosi zingeweza kupotea. Lakini kambi yetu ya pili ilikuwa kwenye shule moja ya msingi, si mbali na Mbumbuni kwenyewe.

Tulikwenda pale kesho yake. Mwalimu mkuu alikuwa mtu wa mafaili. Alitoa faili la maji, akageuza kurasa kwa kidole kilicholowa mate, akalilaza mbele yetu. Ilikuwa imeandikwa: helpa, Musembi Kilonzo. Siku kumi na tisa mfululizo, kwa wino wa buluu, na jina la kampuni juu ya kila ukurasa. Mwikali aliweka kidole kwenye jina la kwanza akateremka nacho mpaka la mwisho. Mwalimu mkuu akatutolea nakala, akapiga muhuri wa shule kwenye kila moja bila kuambiwa.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya kutembea. Barua ya chifu kuonyesha waliomtegemea. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kimoja kikiwa na jina limeandikwa vibaya na kikalazimu kurekebishwa. Cheti cha kifo. Mwikali hakuwa na cheti cha ndoa, kwa kuwa walioana kienyeji, kwa hiyo ilitakiwa hati ya kiapo, na mtu wa upande wa mume wa kuithibitisha. Mtu huyo alikuwa Mzee Kilonzo, na mzee alikataa.

Nilifuatana na Mwikali kwenda kumwona. Nilitegemea mahubiri. Lakini mzee alitukaribisha vizuri, akasikiliza, kisha akasema, “Mimi nilimwambia yule mtu mbele ya Mungu kwamba tumemaliza. Sasa nimwambieje?”

“Baba,” Mwikali akamwambia, “yeye alikuambia nini juu ya Musembi? Alipokuja kuomba na nyinyi, alisema Musembi ni nani?”

“Alisema ni mfanyakazi wake mzuri. Aliyempenda.”

“Na kwa polisi alisema ni mtu wa kijiji.”

Mzee hakuwa amelisikia hilo likisemwa hivyo, moja kando ya lingine. Hata siku ile ya Kambu, nadhani, masikio yake yalikuwa kwenye mazishi. Aliuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamwambia nina hakika, kwa sababu na mimi nilitia sahihi. Aliniangalia muda mrefu, nami nikaangalia kuku. Kisha alisimama, akavaa koti, akasema twende kwa wakili wa viapo kabla hajafunga.

Bosi aliitwa aje ofisini Kitui. Alikuja na Nzioka, na ile karatasi ya sahihi nane ndani ya plastiki. Nilipoingia alicheka kidogo. “Huyu mama amefutwa kazi,” akamwambia afisa. “Ana hasira.” Habari ya kufutwa huko niliisikia hapohapo kwa mara ya kwanza.

“Sahihi hii ni yako?” afisa akaniuliza.

“Ni yangu. Karatasi ni ya uongo, na nilijua ni ya uongo nikitia sahihi.”

“Unaona,” bosi akasema. “Leo hivi, kesho vile.”

Afisa hakubishana naye. Alichukua zile nakala za shule akazisukuma mbele ya Nzioka, si mbele ya bosi. “Bwana Nzioka, huu ni mwandiko wa nani?”

Nzioka na mimi tulifanya kazi pamoja miaka tisa. Nimemwona akikaa siku mbili bila kulala drili ilipokwama chini ya ardhi, na hakuwahi kuinua sauti. Aliivuta ile fomu karibu. Bosi alisema jambo fulani kwa Kiingereza, haraka. Nzioka akasema, kwa Kiswahili, “Ni wangu.”

“Na huyu Musembi Kilonzo?”

“Helpa wangu. Tangu Januari.” Kisha, bila kuulizwa: “Waya niliuripoti kwa simu. Siku tatu kabla.”

Hakuna aliyepiga meza. Afisa aliandika, akapenga kamasi, akamwomba Nzioka asome alichosema na atie sahihi. Nzioka alitia sahihi hii akiwa ameshika karatasi kwa mikono miwili kwanza, akiisoma mpaka chini, jambo ambalo nadhani hakulifanya na ile nyingine.

Uamuzi uliipa familia haki. Bosi aliandika pingamizi, likakataliwa, na mahakamani hakwenda. Ilijulikana kwamba bima anayo, lakini alikuwa amewaandikisha watu wanne tu kati ya wote waliokuwa wakimfanyia kazi, ili alipe kidogo, na Musembi hakuwa miongoni mwao. Hiyo ndiyo ilikuwa sababu ya ile hadithi ya mtu wa kijiji anayeomba maji. Alilazimika kulipa mwenyewe. Sehemu ya watoto iliwekwa kwa utaratibu wa serikali mpaka wawe wakubwa, Mwikali akapata yake, na wazazi yao. Mwikali alinunua shamba dogo la kando ya mto, akaanza kupanda mboga. Mfuko wa akiba wa wafanyakazi haukuwa na kitu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumpelekea Musembi mchango wa hata mwezi mmoja. Hilo nalo muulize mkianza kazi mahali, wiki ya kwanza, si mwaka wa tano. Mkiona aibu kuuliza, muulize kama vile mnaulizia choo kiko wapi.

Tangu kifo mpaka malipo ilikuwa kama mwaka na nusu. Mimi nilikaa miezi mitatu bila kazi, kisha nikapata kikosi kingine Mwingi, watu sita tu, mmoja wao Mwislamu ambaye nilimnunulia sufuria yake. Nilipika huko mpaka maumivu ya magoti yakawa ya kweli. Nzioka aliacha visima. Anatengeneza pampu sasa, na tukikutana tunasalimiana na kuulizana habari za watoto.

Nitamaliza na siku tuliyochukua barua ya uamuzi. Tulipotoka ofisini ilikuwa mapema, kwa hiyo tuliingia hoteli moja ndogo karibu na soko la Kitui kusubiri gari. Mwikali alikuwa ameikunja barua mara nne akaitia ndani ya Biblia. Hakuwa na furaha wala huzuni usoni. Alikuwa kama mtu aliyeshusha mzigo na bado anahisi kamba begani. Tukaletewa chai. Alionja, akaweka kikombe chini.

“Mwaitu,” akasema, “nimetaka kukuuliza siku nyingi. Asubuhi ile ya mwisho alikula nini?”

Ningeweza kumwambia kitu kizuri. Lakini karatasi moja ya uongo ilinitosha maisha yote.

“Viazi vitamu, na chai. Viazi vilikuwa vimeungua kidogo. Na chai aliikataa kwanza, kisha akainywa. Aliniambia mbele ya watu wote kwamba chai yangu ni maji yaliyosikia habari za majani.”

Mwikali alifunika mdomo kwa kiganja, mabega yakamtikisika, nikadhani ameanza kulia, nami nikatafuta leso. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka watu wa meza ya pili wakageuka, mpaka machozi yakamtoka kweli.

“Na yangu aliisema hivyohivyo,” akaniambia alipoweza. “Miaka tisa.”

Tukamwita yule mhudumu, tukamwomba aturudishie chai ile jikoni, aongeze majani.